Swichi ya kufunga breki za mbele: Kwa nini mahali pake ni kwenye wenzo wa gia

Na MWANDISHI WETU

DEREVA wa gari la gia za mkono ana miguu miwili, ilhali chini ya usukani kuna pedali tatu. Barabarani hesabu hiyo haimsumbui sana, kwa kuwa ni nadra kwake kuhitaji klachi, breki na mafuta kwa wakati mmoja.

Ni pale anapojaribu kulizuia gari lisisogee huku injini ikivuma kwa nguvu ndipo anapotambua kwamba amepungukiwa na mguu mmoja.

Upungufu huo ndio uliowafanya wapenzi wa mbio za magari nchini Marekani kukumbatia kifaa kiitwacho lainiloki. Hii ni vali ndogo ya umeme inayofunga breki za magurudumu ya mbele pekee, na kuyaacha ya nyuma huru kuzunguka.

Kifaa chenyewe ni sahili. Linalowatatiza wengi ni mahali pa kuweka swichi yake, na jibu la swali hilo laweza kuamua iwapo gari litamtii dereva au litamkaidi.

Siku hizi vifaa vya aina hii vyaweza kuagizwa kwa njia ya mtandao, na fundi yeyote anayejua kuunganisha waya anaweza kushawishika kuvifunga. Ndiposa ni muhimu mwenye gari afahamu kanuni inayoongoza kazi hiyo kabla ya kuruhusu dashibodi yake itobolewe.

KAZI YA KIFAA HIKI

Lainiloki ilizaliwa katika mbio za mstari mnyoofu, ambapo magari mawili hushindana bega kwa bega kwa umbali wa robo maili, yaani takriban mita 402. Chama kikuu kinachosimamia mchezo huo Marekani, NHRA, kiliasisiwa na Wally Parks mnamo 1951.

Katika mbio hizo, ushindi hutegemea sana namna tairi za nyuma zinavyoshika barabara gari linapong'oka. Tairi baridi iliyojaa vumbi huteleza. Tairi iliyosafishwa na kupashwa joto hunata.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza, dereva hupitisha gari mahali palipomwagiwa maji, kisha huzungusha magurudumu ya nyuma kwa kasi hadi moshi utoke. Wenyewe huita zoezi hilo kuchoma tairi.

Sharti gari lisimame papo hapo wakati wa zoezi hilo. Ikiwa dereva atatumia pedali ya kawaida ya breki, atakuwa anayazuia pia magurudumu yale yale anayotaka yazunguke. Breki za nyuma zitaunguza pasi zake, na injini itafanya kazi maradufu bure.

Isitoshe, dereva wa gari lisilo na klachi anaweza kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa mguu wa kulia. Mwenzake wa gia za mkono hana fursa hiyo. Mguu wake wa kushoto uko kwenye klachi, wa kulia uko kwenye mafuta, na breki imebaki yatima.

Hapo ndipo lainiloki huingia. Vali hiyo hufungwa kwenye mrija unaopeleka mafuta ya breki katika magurudumu ya mbele. Ikiwa haina umeme, hukaa wazi na breki hufanya kazi kama kawaida.

Dereva hukanyaga breki kwa nguvu, akabonyeza swichi, kisha akaondoa mguu. Umeme hulifanya koili la vali kuwa sumaku, mlango mdogo hufungwa, na shinikizo lililokuwa mbele hunaswa humo. Magurudumu ya mbele hubaki yamekabwa hata baada ya mguu kuondoka. Anapoachilia swichi, mlango hufunguka na gari huwa huru.

Kifaa hicho hutumika tena kwenye mstari wa kuanzia, ambapo gari halipaswi kusogea hata kidogo baada ya magurudumu ya mbele kukata mwale wa taa unaoonyesha kuwa limejipanga. Dereva hulishikilia kwa swichi huku akipandisha mvumo wa injini, macho yakiwa kwenye nguzo ya taa inayojulikana kama Mti wa Krismasi, ambayo NHRA ilianza kuitumia mnamo 1963.

Katika mpangilio mmoja wa taa hizo, taa tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde kabla ya kijani kutokea. Katika mpangilio mwingine, zote tatu huwaka kwa pamoja na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4. Muda ni mfinyu mno kwa dereva kuanza kupapasa dashibodi akitafuta swichi.

KANUNI MBILI

Kutokana na maelezo hayo, twaweza kuchopoa kanuni mbili ambazo swichi yoyote ya lainiloki lazima itimize.

Ya kwanza ni kwamba swichi iwe pale ambapo mkono tayari una kazi. Dereva asilazimike kuutoa mkono mahali unapohitajika ili kuufikisha mahali pengine.

Ya pili, ambayo ndiyo muhimu zaidi, ni kwamba kuachilia kuwe sawa na kufungua. Kidole kikiondoka kwa sababu yoyote ile, iwe kwa kukusudia, kwa uchovu au kwa mshtuko wa ajali, breki ziachie zenyewe bila dereva kukumbuka lolote.

Kanuni hii ya pili inamaanisha kwamba swichi inayofaa ni ya kubonyeza na kuachia, yaani kitufe chenye springi kinachorudi chenyewe kama kile cha kengele ya mlangoni. Swichi ya kuwasha na kuzima, kama ile ya taa ya chumbani, haifai kwa kazi hii. Hiyo ya mwisho hubaki ilivyoachwa, na binadamu ni msahaulifu.

Gari lenye breki za mbele zilizokabwa haliwezi kuelekezwa. Magurudumu yasiyozunguka hayana nguvu ya kukata kona, na dereva anaweza kuuzungusha usukani hadi mwisho huku gari likiendelea kwenda kule kule lilikokuwa likienda.

MAHALI MBALIMBALI

Wapo wanaopenda dashibodi kwa kuwa ni rahisi kuitoboa na waya hufichika vizuri. Hata hivyo, swichi iliyo hapo huudai mkono mmoja mzima kwa muda wote wa zoezi. Mkono huo ukiwa ule wa gia, dereva hawezi kuwahi kubadilisha gia. Ukiwa wa usukani, gari halina wa kuliongoza. Matokeo yake ni kwamba wengi huishia kufunga swichi ya kuwasha na kuzima ili mkono upumzike, na hivyo kuvunja kanuni ya pili.

Wengine hupendekeza sakafuni, upande wa kushoto wa klachi, pale ambapo magari ya zamani ya Marekani yalikuwa na swichi ya kupunguza mwanga wa taa kwa mguu. Kwenye gari lisilo na klachi wazo hilo lina mashiko. Kwenye gari la gia za mkono halina, kwa kuwa mguu wa kushoto una mwajiri mwingine.

Wazo la tatu ni kuiunganisha swichi na pedali ya klachi yenyewe, ili breki ziachie pindi klachi inapoachiliwa. Kwa kuondoka kwenye mstari, mpango huo unavutia kwa kuwa mguu mmoja hufanya kazi mbili kwa mpigo.

Tatizo ni kwamba wakati wa kuchoma tairi dereva huachilia klachi ili magurudumu ya nyuma yazunguke, na ndio wakati hasa anaotaka breki za mbele zishike. Swichi ya klachi ikiwa peke yake ingezifungua breki wakati ule ule zinapohitajika, na gari lingechomoka kuelekea mbele. Kwa hivyo swichi ya klachi yaweza kuwa msaidizi, lakini haiwezi kuwa mkuu.

Mahali pa nne ni usukani. Kidole gumba kiko hapo daima, na mkono hauna haja ya kuhama. Lakini usukani huzunguka, na waya wa kawaida utajikunja na hatimaye kukatika.

Jambo zito zaidi ni mfuko wa hewa. Kwenye usukani wenye mfuko huo, usitoboe, usigandishe wala usipitishe waya. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya mlipuko, na chochote kilichobandikwa juu yake hugeuka kombora linaloelekea usoni mwa dereva.

Panapobaki ni wenzo wa gia.

KWA NINI WENZO WA GIA

Mkono wa gia hauna kazi nyingine wakati wa kuchoma tairi wala wakati wa kusubiri taa. Dereva amekwisha kuingiza gia, na kiganja chake kimetulia juu ya kirungu cha wenzo kikingoja gia inayofuata. Kidole gumba kinaweza kubonyeza bila kuuhamisha mkono hata inchi moja, huku mkono wa pili ukibaki kwenye usukani.

Aidha, mahali hapo hutimiza kanuni ya pili kwa njia ambayo hapana pengine panapoweza. Ikiwa gari litaanza kuyumba, silika ya dereva yeyote ni kuurudisha mkono kwenye usukani. Mkono unapoondoka kwenye wenzo, kitufe hujiachia na breki hufunguka. Hofu yenyewe humwokoa.

Si ajabu basi kwamba Hurst, kampuni ya Marekani ambayo jina lake limehusishwa sana na kifaa hiki, ni ile ile iliyojijengea sifa kwa kutengeneza nyenzo za gia. Jina hilo hilo la George Hurst ndilo lililopewa chombo cha haidroliki cha kukatia mabati ya magari ili kuwanasua majeruhi wa ajali.

Je, kitufe kiwe juu ya kirungu au ubavuni? Kilicho juu kabisa hupendeza macho, lakini ndipo kiganja kinapokandamiza dereva anapobadilisha gia kwa kishindo. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya gari likiwa mwendoni, kisha dereva akanyage breki, huenda breki za mbele zikakosa shinikizo kamili au zikakataa kuachia, kutegemea muundo wa vali.

Ubavuni ni bora zaidi, mradi kitufe kimezama kidogo ndani ya kirungu au kina ukingo unaokilinda.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Kenya hana budi kulizingatia. Marekani dereva huketi kushoto na hubadilisha gia kwa mkono wa kulia. Kwetu dereva huketi kulia na hutumia mkono wa kushoto. Katika hali zote mbili kidole gumba huelekea upande wa dereva, lakini upande huo wa kirungu si mmoja.

Kirungu kilichotobolewa kwa ajili ya gumba la kulia kitakiweka kitufe upande wa abiria kwenye magari yetu, na dereva atalazimika kukibonyeza kwa vidole vingine. Afadhali kununua kitufe peke yake chenye kishikizo cha kufungwa kwenye shina la wenzo, kisha kukizungusha hadi kilingane na gumba.

Njia ya kupata mahali hasa ni rahisi. Keti kama unavyoketi ukiendesha, funga mkanda, ingiza gia ya pili, na uache mkono utulie juu ya kirungu bila kukaza. Pale gumba linapoangukia ndipo mahali. Kisha pitia gia zote, ya kurudi nyuma ikiwemo, uhakikishe hakuna hata moja inayolifanya gumba liguse kitufe bila kutaka.

WAYA NA HATARI ILIYOFICHIKA

Wenzo wa gia hutikiswa na kusukumwa mara nyingi katika safari moja. Kwa hivyo waya unaoufuata uwe mlaini, na uachiwe ulegevu wa kutosha chini au uwe wa kujikunja kama ule wa simu za mezani za zamani. Unapopenya kwenye sakafu, tundu livikwe mpira ili bati lisiuchune.

Koili la vali hula umeme mwingi kuliko vitufe vidogo vinavyoweza kustahimili. Njia ya salama ni kutumia rilei, ili kitufe kibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei tu, nayo rilei iubebe ule mzito wa vali. Umeme wenyewe utoke penye swichi ya ufunguo, upitie kwenye fyuzi ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji.

Lipo kosa moja ambalo mafundi wengi hawalioni. Ni desturi kwa baadhi yao kupitishia kitufeni waya wa ardhi, yaani ule unaorudi kwenye bodi ya gari. Lakini wenzo wa gia ni chuma kilichoungana na bodi. Siku waya huo utakapochunika na kugusa wenzo, rilei itaamka yenyewe bila mtu kubonyeza chochote.

Ni heri kitufe kikatize upande wa umeme unaotoka kwenye fyuzi. Hapo, waya ukichunika na kugusa chuma, fyuzi itakatika na lainiloki itakufa, breki za kawaida zikibaki salama. Kifaa kinachohusu breki kinapoharibika, sharti kiharibikie upande wa usalama.

Dashibodi nayo ina nafasi yake katika mpango huu, ila si ile ambayo wengi huifikiria. Hapo pawekwe swichi ya pili ya kuwasha na kuzima, inayokata umeme wote wa lainiloki. Gari likiwa barabarani, swichi hiyo izimwe, na kitufe cha kwenye wenzo hakitakuwa na uwezo wowote. Kando yake iwekwe taa ndogo inayowaka kila vali inapopata umeme, mahali ambapo dereva ataiona bila kuinamisha kichwa.

Baada ya kufunga vali, hewa yote iondolewe kwenye mirija ya breki. Kisha gari liinuliwe juu ya vihimili imara na lijaribiwe: breki ikanyagwe, kitufe kibonyezwe, mguu uondolewe, na mtu ajaribu kuzungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Lisizunguke. Kitufe kikiachiliwa, lizunguke papo hapo. Likichelewa hata kidogo, gari lisitoke gerejini.

SI BREKI YA KUEGESHEA

Majaribu makubwa zaidi ni kukitumia kifaa hiki kwa kazi isiyokuwa yake. Kuna wanaodhani kwamba maadamu kinafunga magurudumu, basi chaweza kuwa breki ya pili ya kuegeshea gari mlimani, au kinga dhidi ya wezi.

Dhana hiyo ni ya hatari. Vali hushikilia maadamu ina umeme. Betri ikiisha, fyuzi ikikatika au waya ukichomoka, mlango hufunguka na gari huteremka. Isitoshe, koili huchemka likiachwa na umeme kwa muda mrefu, nalo shinikizo lililonaswa hupungua taratibu panapokuwa na uvujaji mdogo usioonekana. Breki ya mkono huvuta kwa waya wa chuma, nao hauhitaji betri.

Fauka ya hayo, magari mengi ya humu nchini hayana faida yoyote kwa kifaa hiki. Toyota Vitz na Corolla nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na kuyafunga hayo ni kulifunga gari lenyewe. Subaru nyingi huendeshwa na magurudumu yote manne.

Kwenye magari mengi ya kuvutwa mbele, mirija ya breki pia imegawanywa kimshazari, gurudumu moja la mbele likiunganishwa na la nyuma la upande wa pili, na vali moja haiwezi kuyatenga ya mbele. Nayo magari yenye mfumo wa kuzuia breki zisikwame yanahitaji mtaalamu aujuaye mfumo huo kabla ya mrija wowote kukatwa.

Ikiwa haja ya dereva ni kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, suluhisho lilipatikana zamani. Kampuni ya Studebaker ya Marekani ilianza kuweka kifaa cha kushikilia gari mlimani katika magari yake mnamo 1936. Subaru nayo imeweka mfumo wa namna hiyo katika magari yake kadhaa ya gia za mkono, ambapo vali ya breki huunganishwa na klachi.

Dereva akikanyaga breki na klachi mlimani, shinikizo hubaki. Akiachilia klachi ili aondoke, breki huachia. Hapa swichi ya klachi, tuliyoikataa kwenye mbio, ndiyo inayofaa, kwa kuwa kazi ni moja tu: kuondoka. Magari ya kisasa hufanya hivyo kwa kompyuta, ambayo huzishikilia breki kwa sekunde chache kisha huziachia yenyewe.

Kompyuta imeingia pia katika mbio. Ford Mustang GT ya modeli ya 2015 ilikuja na lainiloki ya kielektroniki kutoka kiwandani. Haina kitufe cha kufunga wala waya wa kupitisha. Dereva huichagua kwa vitufe vya usukani, na gari lenyewe huweka kikomo cha muda. Kanuni haikubadilika: breki zisiweze kubaki zimefungwa kwa sababu mtu amesahau.

Tairi huchomwa kwenye uwanja uliotengwa, penye wasimamizi na wazimamoto. Atakayefanya hivyo katika barabara ya umma atakabiliwa na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo inaharamisha uendeshaji wa hatari. Mwenye nia ya kukifunga kifaa hiki kwenye gari linalotumia barabara hizo hana budi pia kuijulisha kampuni yake ya bima kabla fundi hajashika spana.

Na fundi atakapouliza swichi aiweke wapi, mwenye gari ajibu kwa kuuliza swali lake mwenyewe: nikiondoa mkono ghafla, breki zitafunguka? Mahali popote ambapo jibu si ndiyo, hapafai.